Ufagio Uliovuka Mpaka

Katika kichochoro chetu hapa Kyoto hakuna jicho linaloona kama langu. Paka akihama paa la kulalia, najua. Mume wa mtu akirudi na viatu visivyo vyake, najua kabla ya mkewe. Asubuhi ile Jizo wetu alipotoweka, nilipita mbele ya kibanda chake nikienda kununua tofu, ile jibini ya soya, nikainama nikamwamkia. Nikarudi na tofu yangu, nikainama tena. Mara zote mbili kibanda kilikuwa kitupu. Miwani yangu ilikuwa nyumbani, juu ya friji.

Aliyegundua ni jirani yangu Bi Tsujii, muuza achari. Alipiga ukelele mmoja, akafunika mdomo kwa kiganja kama mtu aliyelelewa vizuri, na kichochoro kizima kikatoka na kandambili. Jizo ni sanamu ya jiwe, kimo cha paka aliyeketi, mlinzi wa watoto wetu tangu enzi za bibi zetu. Na siku hiyo ilikuwa sikukuu yake. Alasiri watoto walikuwa wakae kwenye mikeka mbele yake, wale peremende, wazungushe ile tasbihi kubwa. Bila yeye ni mikeka na peremende tu.

Kufikia saa ya chai mwizi alikuwa amekwishapatikana. Haikuwa kazi. Katika nyumba yangu ya wageni alikuwepo mgeni mmoja, Mholanzi anayeitwa Joost, dereva wa basi huko kwao, mrefu kiasi kwamba kila mlango wangu umeonja paji lake la uso. Na kwenye mkoba wake, kwa nje, mbele ya macho ya watu, kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu cha Jizo, kile anachovaa kifuani kama mtoto anayekingwa asijimwagie uji. Mzee Imanishi, anayetengeneza pepeo za karatasi upande wangu wa kushoto, alikiona akapiga simu polisi.

Polisi wakamtuma Sajini Hamaguchi.

Hamaguchi ni mtu wa Osaka. Ni karibu, treni haikuachi hata usinzie, lakini kule mtu akikwambia umenenepa, anamaanisha umenenepa. Tangu ahamishiwe kwetu alikuwa na sura ya mtu anayepapasa ukuta wa nyumba ya wenzake akitafuta swichi ya taa.

Alianza na Mzee Imanishi, mlangoni kwake. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimewapelekea chai ya shayiri. Chai ya shayiri huniingiza popote.

"Mzee, ulimwona huyu mgeni akichukua sanamu?"

"Aa, afande. Kuona ni neno kubwa."

"Ulimwona au hukumwona?"

"Niseme tu kwamba wageni siku hizi wanaamka mapema. Inapendeza."

"Alikuwa amebeba kitu?"

"Yale mabega yake, afande. Hata mke wangu nimemsifia. Mabega ya kubebea vitu."

Hamaguchi akaandika, akakata alichoandika. "Kwa hiyo hukumwona akibeba."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu. Ndiyo maana nashangaa unaandika."

Hamaguchi akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja. Mzee Imanishi akatumia nafasi hiyo kunigeukia. "Bi Sumie, leo mbele ya nyumba yako panang'aa. Nimefungua mlango nikajiambia, kweli leo sikukuu."

Nikainama, nikameza mate. Hamaguchi aliniona nikimeza.

Tukapanda kwa Joost. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa chumba cha juu, magoti yakiwa karibu na masikio, na mkoba wake mbele yake kama abiria aliyeambiwa basi limeharibika. Kijapani chake alikipata kwenye klabu ya judo. Ni cha kuamrisha na kuomba radhi, na katikati hakuna kitu.

"Umechukua sanamu?" akauliza Hamaguchi.

"Hapana."

Sajini akamtazama kama mtu aliyepewa maji baada ya safari ndefu. "Hebu rudia."

"Hapana. Mimi sijachukua."

"Kitambaa umekitoa wapi?"

"Mferejini. Hapa mbele. Nimetoka asubuhi kutembea, kiko ndani ya maji. Kidogo, kizuri. Nikasema mtoto amekipoteza. Nikafunga kwenye mkoba kikauke, mama wa mtoto akione."

"Kwa nini hukumpa mtu?"

"Nilimwonyesha mzee wa pepeo. Akasema, rangi nzuri sana. Nikafikiri basi hakuna shida."

Hamaguchi akafumba macho kidogo. Kisha akaunyanyua mkoba, na uso wake ukabadilika. Ulikuwa mzito. Ndani, chini ya soksi, kulikuwa na kitu cha mviringo kimeviringishwa taulo mbili, kizito kama jiwe. Nami moyo wangu ukaruka, maana mgeni wa nyumba yangu ni mgeni wangu. Akafungua taulo ya kwanza. Akafungua ya pili.

Lilikuwa birika la chuma, jipya, karatasi ya dukani ingali imebandikwa kwenye mfuniko.

"La binti yangu," akasema Joost. "Anaolewa Jumamosi. Ndege yangu ni leo jioni."

Hapo simu ya Hamaguchi ikalia. Alikuwa mkubwa wake. Sikusikiliza, nilikuwa tu nimesimama karibu. Mkubwa alisema kichochoro kina wazee wenye majina, kitambaa kimepatikana mkobani, amlete mgeni kituoni kabla ya mchana na akae huko mpaka aseme sanamu iko wapi.

"Na kama hajui iko wapi?" akauliza Hamaguchi.

Mkubwa alizaliwa hapahapa Kyoto. Akajibu kwamba Hamaguchi ni kijana mwenye bidii sana.

Sajini akairudisha simu mfukoni kana kwamba anafukia kitu. "Nimesifiwa," akaniambia. "Hiyo ni mbaya, siyo?"

"Mbaya sana, mwanangu."

Akashuka, akachuchumaa mbele ya kibanda cha Jizo, ambacho kimejengwa kwenye ukuta wangu, kando ya ngazi ya jiwe ya mlangoni, upande wa Bi Tsujii. Alikaa pale muda, hagusi kitu. Duara la vumbi lilionyesha Jizo alipokuwa amekaa. Maua yalikuwa yamesogezwa kushoto. Kikombe cha maji kilikuwa kimesogezwa kulia, kimejaa mpaka ukingoni, hakijamwagika hata tone.

"Mwizi mwenye adabu," akasema.

Akakichukua kile kitambaa, akazitazama kamba zake. Hazikuwa zimekatwa wala kuchanika. Fundo lilikuwa limefunguliwa taratibu, alama ya mkunjo bado iko.

"Mtu akiiba mtoto, hamvui nguo kwanza. Bi Sumie, mnamvua lini huyu?"

"Anapooshwa. Kila mwaka, kabla ya sikukuu. Anaoshwa, anapakwa uso mweupe, anachorwa macho upya."

"Na nani?"

"Nyumba yenye zamu. Kila nyumba miaka miwili."

"Mwaka huu zamu ya nani?"

Nikaangalia mfereji. "Yangu."

"Umemwosha?"

"Nilikuwa nimekusudia. Baada ya kula tofu."

Bi Tsujii alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka lake, mkono mmoja kiunoni, akisikiliza kwa huzuni kubwa. "Bi Sumie ana mkono wa aina yake, afande. Mwaka jana alimchora macho ambayo watoto wanayazungumzia hadi leo."

Ni kweli. Yalikuwa yanaangaliana. Lakini mtu hasemi.

"Na wewe mama," Hamaguchi akamwuliza, "asubuhi ulitoka saa ngapi?"

"Nitoke wapi, na mgongo huu? Nimefungua mlango kumwamkia Jizo, nikakuta hayupo. Tangu juzi hata ufagio sijaugusa." Akatazama mbele ya nyumba yangu, akatabasamu. "Leo namwonea wivu Bi Sumie. Panang'aa."

Nikainama. Nikameza tena.

"Basi," akasema Hamaguchi, akasimama, magoti yakalia. "Huyo ni wa pili. Mtu wa kwanza amekusifia, ukameza mate. Huyu amekusifia, umemeza. Mimi nimechoka, Bi Sumie. Naomba uniambie kama vile unamwambia mtu mjinga. Kuna nini na huu mlango wako?"

Nikamvuta pembeni, karibu na baiskeli yangu. Kwetu kila nyumba inafagia mbele yake asubuhi, na ikifika mpakani inavuka kidogo, shubiri moja, kwenye eneo la jirani. Ukiishia mpakani kabisa, wewe ni bahili. Ukivuka zaidi ya shubiri, umemwambia jirani kwamba ni mchafu.

"Na leo?"

"Leo nimetoka nikakuta kwangu kote kumefagiliwa. Kuanzia kwa Bi Tsujii hadi kwa Mzee Imanishi. Na kumenyunyiziwa maji. Wanadhani nimeamka alfajiri kuwaonyesha wao ni wavivu."

"Na si wewe."

"Mimi nilikuwa nimelala. Nilidhani ni huyu mgeni, ananisaidia. Nimemwuliza, amesema hapana. Yeye akisema hapana inakuwa hapana, inanitisha kidogo."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nimtangazie polisi kwamba nimefagiliwa?"

Alinitazama kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya nirekebishe aproni. "Nani wa hapa anaweza kufanya kitu hicho?"

"Hakuna. Afadhali mtu aje achote mchele jikoni kwangu."

"Isipokuwa," akasema polepole, "awe na kitu cha kufagia ambacho hakiwezi kungoja."

Akapiga magoti chini. Suruali ya sare, kwenye mawe mabichi. Akaanza kukagua ngazi yangu kwa ncha ya kalamu, ufa mmoja baada ya mwingine, akipuliza, akigeuza uso kufuata mwanga. Mzee Imanishi alifungua dirisha, akalifunga. Hatimaye Hamaguchi akachokoa kitu, akakiweka kiganjani. Kipande cha jiwe, kidogo kama ukucha. Upande mmoja wa kijivu, upande mwingine mweupe. Akakisugua kwa kidole gumba, na weupe ukahamia kwenye kidole.

"Rangi haijakauka vizuri," akasema. "Jizo wenu hakuibwa, Bi Sumie. Ameoshwa, amepakwa uso, halafu ameangushwa hapa. Mtu akafagia vipande, akamwaga maji, na maji yakapeleka kitambaa mferejini."

"Nani huyo?"

"Mtu ambaye hakutaka yale macho ya mwaka jana yarudi."

Kuna mambo ambayo mtu hata akiyajua anaona vibaya kuyajua yeye wa kwanza.

Hamaguchi hakwenda moja kwa moja. Alirudi ndani, akamwita Joost, akamwambia avae viatu. Joost akadhani anapelekwa kituoni, akakumbatia mkoba. Tukaingia wote watatu kwenye duka la Bi Tsujii. Joost akagonga kichwa mlangoni, akauomba mlango radhi.

Duka la Bi Tsujii ni dogo, lina baridi na harufu kali ya chumvi. Nyuma ya meza yake mapipa ya mbao yamepangwa ukutani. Yeye alikuwa amekaa wima kwenye mto wake.

"Mama," akasema Hamaguchi, "nina maswali machache."

"Karibuni. Karibuni sana. Joto hili, na kazi zenu." Akatutazama mmoja mmoja, akamaliza kwa Joost. "Ngoja basi niwaandalie bakuli la wali wa chai."

Nikaanza kutafuta kandambili zangu. Hapa kwetu hakuna asiyejua. Mwenye nyumba akikutajia wali wa chai, maana yake umekaa vya kutosha. Unashukuru, unasema siku nyingine, unaondoka. Bakuli lenyewe halitoki. Mimi nimezaliwa Kyoto, nimezeeka Kyoto, na sijawahi kuliona.

Hamaguchi naye alikuwa anajua. Kufikia siku hiyo hata mbwa wa polisi alikuwa anajua. Akavua kofia, akaiweka kando, akakaa.

"Asante sana mama. Tuna njaa. Na huyu mgeni anakula kweli."

Uso wa Bi Tsujii haukubadilika. Masikio ndiyo yalibadilika, yakawa mekundu. "Ni chakula cha hovyo tu."

"Ndicho nakipenda."

"Na kitachelewa."

"Tutangoja," akasema Hamaguchi, akakunja miguu vizuri.

Hakuwa na namna. Akaenda jikoni. Tukasikia maji, tukasikia bakuli likiwekwa kwa nguvu kuliko bakuli linavyostahili. Nilikaa kwa hofu kama mtu anayengoja kuona mzimu. Kisha akatoka na trei. Wali mweupe, chai ya moto juu yake, tunda moja la chumvi katikati ya kila bakuli. Ndivyo lilivyo. Nilisikitika kidogo.

Joost akala kwa furaha. Hamaguchi akala kijiko kimoja, akaacha kutafuna.

"Mama, hapa ni duka la achari. Ile ya bilinganya, inayosifiwa mji mzima, tusionje?"

"Haijaiva."

"Jana umeniuzia," nikasema. "Ilikuwa imeiva mpaka nilitaka kulalamika."

"Hiyo ilikuwa ya juu, Bi Sumie. Ya chini haijaiva."

Hamaguchi akaacha bakuli. Nikafuata macho yake. Kando ya pipa la bilinganya, sakafuni, juu ya gazeti la zamani, lilikuwepo jiwe la mviringo. Nusu yake ya chini ilikuwa ya zambarau, na gazeti lilikuwa limeanza kulowa.

"Jiwe hilo la nini, mama?"

"La kukandamizia achari. La mama mkwe wangu hilo."

"Linakaa kwenye pipa?"

"Juu ya kifuniko cha ndani. Miaka yote. Likitoka, achari inaharibika."

"Limetoka."

Bi Tsujii akalitazama jiwe kana kwamba limemsaliti. "Linapumzika."

"Na juu ya pipa umetandika kitambaa. Chini yake kuna kitu kirefu kuliko jiwe."

"Jiwe jingine."

"La wapi?"

"La mtoni, afande. La kawaida tu."

"Naomba nilione hilo la kawaida."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana, mtu wa kwetu huyo mpaka mwisho. Hamaguchi akainuka, akashika ncha ya kitambaa, akakivuta.

Jizo alikuwa amesimama kwenye kifuniko, kiwiliwili peke yake, juisi ya zambarau ikimfika magotini. Shingo yake, yenye ufa tangu tetemeko moja la ardhi la zamani, ilikuwa imekatika sawasawa. Kichwa kilikuwa kimelazwa kando, kikitutazama. Uso mweupe, mashavu yamerukiwa na rangi ya bilinganya, na jicho moja tu limechorwa. Jingine lilikuwa bado.

Joost akaweka kijiko chini. "Huyu ndiye?"

"Huyu ndiye," nikasema.

Bi Tsujii akafunika mdomo kwa kiganja tena. "Maskini. Nani amemleta hapa? Afande, huyu mgeni alipita dukani kwangu asubuhi na mapema, mimi nikiwa nyuma na mgongo wangu. Mtu wa mabega kama yale. Mimi tangu mwaka juzi Jizo sijamgusa hata kwa kidole."

Hamaguchi akamgeukia Joost, akanigeukia mimi, na nikaona amechoka kabisa. Jiwe lilikuwa sakafuni, Jizo pipani, kipande cha rangi kwenye kidole chake, na mkubwa wake kituoni angependelea kumsadiki muuza achari mwenye jina kuliko dereva wa basi. Ndege ilikuwa jioni. Mtu wa Osaka alikuwa ameuliza kila alichojua kuuliza.

Basi nikavaa miwani. Safari hii nilikuwa nimekuja nayo. Nikainama karibu na kichwa cha Jizo, nikalitazama lile jicho kwa makini, kama mtu anayenunua samaki.

"Mholanzi amejitahidi," nikasema. "Si mwenyeji, hatuwezi kumlaumu. Ila jicho limepinda."

"Limepinda?" akasema Bi Tsujii.

"Kidogo. Huku mwishoni. Kama la kwangu la mwaka jana."

"Kama la kwako?" Akaja akanisukuma kwa kiwiko, mgongo wake ukiwa mzima kama wa msichana, akaelekeza kidole. "Limepinda wapi, Bi Sumie? Tazama mstari huo. Nywele moja tu ya brashi, pumzi nimeishika mwanzo hadi mwisho, mkono haujatetemeka hata—"

Kidole kilibaki hewani, na kwenye ukingo wa ukucha wake kulikuwa na weupe.

Hamaguchi akachukua kalamu, akaandika. Mstari huo hakuukata.